Kinga Iliyozimwa Jumamosi

Pikapu ilikuwa imeshaanza kutembea Shangazi Zaitun alipotoa kichwa dirishani. Nyuma alikuwa amepakia kompyuta zilizoviringishwa mablanketi, anazipeleka shule moja ya Makwasinyi.

"Nasiha, wenzako wakimaliza, zima taa, funga na komeo la juu. Na mipangilio ya ile mashine kubwa usiiguse, mwanangu."

"Sawa, Shangazi."

"Hata kidogo."

Vumbi likaimeza pikapu, na Nasiha akarudi dukani.

Alikuwa Gredi ya Nane, na duka hilo la kompyuta la shangazi yake, karibu na soko la Voi, alilijua kuliko jikoni kwao. Kazi zote za duka zilifanywa na kompyuta moja kubwa. Programu maalumu ilikuwa imeigawa ikawa kama nyumba ya kupangisha: vyumba vingi chini ya paa moja, kila chumba na mlango wake. Vyumba hivyo huitwa mashine pepe. Kimoja walikitumia wanafunzi waliokuja Jumamosi kujifunza. Kingine kilikuwa cha kliniki ya Daktari Munyoki, jirani yao, na humo mlikuwa na majina ya wagonjwa na magonjwa yao.

Ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, una tabia ya kubahatisha. Shangazi alikuwa amemweleza Nasiha hivi: "Ni kama mhudumu wa hoteli pale stendi. Akuona waingia, akumiminia chai kabla hujaagiza, maana kila siku wanywa chai. Akipatia, umehudumiwa upesi. Akikosea, chai airudisha kwenye birika, lakini kikombe kimebaki na joto. Mjanja akikigusa, ajua mlikuwa na nini."

Basi kuna watu hutengeneza programu za kugusa vikombe hivyo. Programu ikikaa chumba kimoja, inaweza kukisia siri za chumba cha pili bila kuvunja mlango. Ndiyo maana kuna kinga. Kinga humzuia yule mhudumu asimimine ovyo, na huvisuuza vikombe. Ubaya wake ni mmoja tu: kazi huenda polepole kidogo.

Polepole hiyo ndiyo iliyomponza Nasiha.

"Nasi, hii kitu inatambaa," alisema Titus, aliyesoma naye darasa moja. Alikuwa amekuja na mchezo kwenye flashi. "Hili ni duka la kompyuta ama la kobe?"

Wenzake wakacheka. Lynn, rafiki yake, akaongeza, "Na vile husema yeye ni fundi. Labda fundi wa kufagia."

Nasiha aliona uso unamwaka. Akafungua mipangilio, akautafuta mstari wa kinga, akaizima, akaiwasha mashine upya. Mchezo ukaenda kama maji.

"Sasa umeongea," Titus akasema, na mchana wote Nasiha akawa mtu wa maana. Alikusudia kuirudisha kinga wakishaondoka. Lakini mama yake alipiga simu, anataka nazi kabla ya magharibi. Nasiha akafunga komeo la juu, akakimbia.

Shangazi alirudi Jumatatu. Hakukaa hata kitako. Aliangalia skrini, akamwita Mulei, kijana fundi aliyeweka programu mpya siku ya Ijumaa.

"Mulei, umeniachia mashine bila kinga?"

"Mimi, Bi. Zaitun? Niliiacha ikiwa sawa."

"Basi imejizima yenyewe?" Akageuka. "Nasiha, uligusa?"

"Hapana, Shangazi. Labda ni stima, ilipotea Jumamosi."

Neno lilimtoka jepesi mno. Stima haikuwa imepotea. Shangazi akanyoosha mkono kudai funguo za duka, Mulei akaziweka mezani; kazi yake ikawa imeisha. Alipompita Nasiha mlangoni alimwambia tu, "Haya dadangu, soma kwa bidii."

Afadhali angemtukana.

Shuleni Nasiha hakunyoosha mkono tena. Titus alimwita fundi mbele ya darasa, naye akatazama sakafu. Usiku alijifunika shuka hadi kichwani, kama vile kuna mtu chumbani anayemwangalia. Jumatano alimkuta Mulei kando ya barabara na mkoba wake, anakwenda Miasenyi kumsaidia dada yake kuuza vitunguu. Nasiha alitaka kupita upande wa pili, lakini Mulei alikuwa amemwona.

"Mwambie Shangazi waya wa skrini ya mwisho umelegea," alisema. "Usije ukachoma mtu."

Nasiha alikwenda moja kwa moja dukani, na sare yake, na mkoba mgongoni.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyezima kinga. Titus alileta mchezo, ukawa unachelewa. Na stima haikupotea."

Shangazi aliweka chini alichoshika. "Mchezo gani? Titus kautoa wapi?"

"Kwa mtu wa stendi. Titus mwenyewe hamjui."

"Jumatatu nilijiambia hakuna programu ngeni iliyoingia humu," Shangazi akasema polepole. "Nikairudisha kinga, nikatulia. Kumbe siku zote hizi maneno ya siri ya kliniki ni yale yale, na huenda kuna mtu ashayapata."

"Kwani kuna kitu kimeibwa?"

"Sijui. Wizi huu hauachi alama. Twende kwa Daktari, na utasema mwenyewe."

Nasiha alisema yote mlangoni mwa kliniki. Daktari Munyoki alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nitaambia wagonjwa wangu nini?" aliuliza.

Kwenye benchi alikuwa ameketi Mbinya, mama anayeuza ndizi sokoni. Alikuwa amesikia yote. "Mtoto," alisema, "kwa hivyo ugonjwa wangu unaweza kuwa unajulikana?"

"Sijui, mama."

"Mimi hata dada yangu sijamwambia."

Machozi yalimtoka Nasiha, na hakuna aliyemnyamazisha.

Waliporudi dukani Shangazi alianza kubadilisha maneno ya siri, moja baada ya jingine. Alisema bila kumtazama: "Ile kinga ilikuwa ya Mbinya, haikuwa yako kuichezea ili usichekwe. Ulikosea, na mtu hukosea. Lakini ungesema Jumatatu, kazi hii ningeifanya Jumatatu, na Mulei asingeondoka na aibu yako. Ukiharibu kitu cha watu, sema saa hiyo hiyo, hata kama mdomo wakataa."

Mulei alirudi kazini baada ya Shangazi kwenda Miasenyi kumwomba radhi, Nasiha akiwa kando yake. Titus aliufuta ule mchezo. Nasiha alikaa muhula mzima bila kugusa mashine kubwa, na sasa anaigusa Mulei akiwepo. Daktari Munyoki aliwaambia wagonjwa wote, na bado amepanga chumba chake kwenye ile kompyuta. Kama kuna kilichochukuliwa, hakijajulikana hadi leo. Mbinya hakurudi kliniki ile. Siku hizi anatibiwa Mwatate.