Siku Tisa za Eda

"Hodi!"

Mutanu alifungua mlango nusu, mkono wa kulia nyuma ya mgongo, umeshika bastola yake ya Glock.

Mgeni alivaa kanzu safi na kofia ya vito. Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio.

"Asalaam aleikum. Marehemu Aidarus alikuwa kama ndugu yangu. Nimekuja kumpa mjane wake mkono wa taazia."

Aidarus alikuwa ameiwakilisha nchi ya Belmora hapa Mji wa Kale kwa miaka ishirini. Sasa Belmora ilikaliwa na majeshi ya Dravia, na Dravia ilizidai nyumba zote za ubalozi wa Belmora duniani. Nyumba hii ilikuwa haijasalimu amri. Mjane, Mwanabaraka, alificha humo daftari la majina ya wakimbizi wa Belmora na jamaa zao waliobaki kwao.

Dravia ikilipata, jamaa hao watakufa.

"Karibu barazani," Mutanu alisema. "Salamu zitafika."

"La, dada. Lazima nimwone uso kwa uso."

Mutanu, askari Mkamba wa kanisani, alikuwa ameilinda nyumba hii kwa wiki sita. Zilimtosha kujifunza. Mjane aliye edani haonwi na mwanamume wa kando. Ndugu wa Mombasa hahitaji kuambiwa.

"Kumbe ndugu hajui eda?"

Mkono wa mgeni ukazama ndani ya kanzu.

Goti. Kiwiko. Bastola yenye kiwambo cha sauti ikaanguka sakafuni. Pingu zikalia.

"Mwanangu," Mwanabaraka aliita nyuma ya pazia, "mgeni amepewa kahawa?"

"Hawezi kushika kikombe, mama."

Simu ikatetema. Bonface, mkuu wake.

"Toka humo. Dravia wametishia kuacha kununua chai yetu. Wakubwa wamekubali. Saa kumi wanapewa nyumba."

"Afande, nimemkamata mtu wao na silaha."

"Mwachilie."

"Nilimwahidi mama hatatolewa kabla ya eda kuisha. Zimebaki siku tisa."

"Utafukuzwa kazi."

"Sawa, afande."

Akampiga mgeni picha, yeye na bastola yake, akazituma kwa magazeti matatu.

Saa tisa na nusu Bonface alipiga tena. Picha zilikuwa zimeenea mitandaoni, na wakubwa waliona aibu. Makabidhiano yalikuwa yamefutwa.

"Na mimi?"

"Wewe huna kazi tena."

Askari walipokuja kumchukua mgeni, Mutanu aliwakabidhi na Glock yake, kisha akakaa mlangoni siku zote tisa, bila mshahara.

Siku ya kumi Mwanabaraka alioga, akavaa buibui, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, daftari kifuani.

Mutanu alimshikia mlango, akatupa mkoba begani, akashika njia ya Ngome ya Yesu. Hakugeuka nyuma.