Jumanne za Fundi Sikio

Ndugu zangu wazazi, tulieni kidogo niwasimulie ya nyumba moja, maana mambo haya hayapo mbali na milango yetu.

Ilikuwa nyumba ya amani. Jumamosi ile mchana mke alikuwa kibarazani akikunja nguo, kitindamimba wao wa miaka saba amekaa sebuleni juu ya zulia, na baba mtu yuko mezani hapohapo na mashine zake. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Alitengeneza redio na spika, na mtu akitaka kununua risiva ya hom thieta, ile mashine inayoendesha spika zote za sebuleni, alimwendea yeye kwanza. Wauzaji walisifia rimoti, blutuzi na taa za rangi. Fundi hakuwa na habari nazo. Aliweka risiva mbili mezani, akazifunika kwa shuka ili macho yasilidanganye sikio, akapiga wimbo uleule kwa kila moja. "Mapambo hayaimbi," aliwaambia wateja. "Sikiliza." Na kweli, mkwaruzo ambao mimi na wewe tusingeusikia, yeye aliusikia akiwa jikoni.

Siku hiyo alimgeukia binti yake. "Haya mama, ipi tamu?"

Mtoto akainua pembe ya shuka, akachungulia, akaonyesha yenye taa nyingi.

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu akikua atauza balbu."

Mkewe hakucheka. "Baba Watoto, huyu hasikii vizuri. Nimemwita mara tatu hapa. Na mto wake leo tena umelowa usaha wa masikio."

"Anasikia sana. Ni kiburi tu. Mwonyeshe peremende uone."

"Mwalimu naye kasema hivyohivyo. Kliniki ya masikio ni Jumanne, na mimi kiwandani sipewi ruhusa. Wewe unashinda nyumbani. Mpeleke, tafadhali."

"Nitampeleka."

Jumanne ya kwanza duka moja lilimletea risiva kumi na mbili azipime. Ya pili alibishana na mteja hadi saa sita, kliniki ikafungwa. Ya tatu alisahau. Zikapita Jumanne kumi na moja. Mke alizihesabu, yeye hakuzihesabu. Kila asubuhi mama wa watu alifuta yale masikio kwa kitambaa safi, akaenda zake kiwandani kushona na moyo mzito. Na kila jioni alikuta maneno yaleyale: mtoto mkaidi, ameitwa hakuitika, amechapwa ndala. Msiwe na haraka ya kumlaani baba huyu. Alimpenda mwanawe. Ila alikuwa na hakika, na hakika yake hiyo hakuwahi kuipima.

Ijumaa moja, mtoto alipotoka shule, Fundi alikuwa amebakiza risiva mbili za mwisho kupima. Akazifunika, akapiga ya kwanza, huku akitikisa kichwa kufuata wimbo. Mtoto naye akatikisa mabega. Akabonyeza ya pili. Kimya. Waya wa spika ulikuwa umechomoka, umelala sakafuni. Fundi akainama kuuokota, na alipoinua macho alimwona binti yake bado anatikisa mabega, anamtazama usoni, anatabasamu.

"Hii, baba," mtoto akasema. "Hii ndiyo tamu zaidi."

Fundi akauacha waya. Akazunguka nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Akamwita polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa sauti iliyomfanya jirani aache kufagia. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kucheza, akisubiri kusifiwa.

Hakungoja Jumanne. Alimbeba mgongoni hadi hospitali, na mkewe akawafuata huko na sare yake ya kazi.

"Usaha ulianza lini?" daktari aliuliza.

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. "Miezi mitatu sasa, dokta. Nilimwambia."

"Mngewahi, dawa ya matone ingetosha," daktari akasema. "Sasa ugonjwa umekula hadi mfupani. Sikio la kushoto limekwenda. La kulia tutajaribu kuokoa kidogo."

Walimpasua, na kidogo hicho kikaokolewa. Siku bandeji ilipotolewa, baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akasogeza mdomo karibu na sikio la kulia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

Mtoto alimtazama midomo kwanza. "Nilidhani umenikasirikia," akasema. "Nilidhani hutaki tena kuongea na mimi. Ndiyo maana nilikuwa nacheza, ili ufurahi."

Fundi alitaka kumjibu. Akainama tena kwenye sikio la kulia, akapaza sauti hadi wodi nzima ikasikia: "Sijakukasirikia, mama."

Funzo

Mzazi, mtoto asipoitika, usimwite mkaidi kabla hujajua kama anasikia. Usaha sikioni ni ugonjwa, haungoji umalize kazi zako. Mpeleke siku ileile uuonapo. Mwenzako akikuambia jambo la mtoto mara ya pili, jua mara ya kwanza ulikosea kutomsikiliza. Na wewe unayesifiwa mtaani kwa ujuzi wako, wa nyumbani kwako ndio wenye haki nao kwanza. Fundi yule alipima kila mashine aliyoletewa. Mwanawe alikaa hatua mbili kutoka mezani, na hakumpima hadi alipochelewa.