Pengo Katika Wimbo wa Khaemba

Amplifaya ilikuwa na joto. Mambo yalianzia hapo, na kama Nekoye angekuwa mtu wa kuambilika, yangeishia hapo. Ilikuwa Jumapili saa tisa mchana, ametoka kanisani, anapangusa vumbi sebuleni mwake, mtaa wa Section 58 huko Nakuru, mkono wake ukagusa lile sanduku kuukuu la marehemu mumewe. Waya ulikuwa umekunjwa sakafuni, haujachomekwa kwa stima tangu Khaemba azikwe. Lakini joto lilikuwepo, na ile harufu ya vumbi linaloungua, harufu ya bugi.

Nyinyi wa juzi mnajua nini kuhusu bugi? Miaka ya sabini, Jumapili saa tisa, vijana wa Nakuru walijazana ukumbini na suruali za kufagia sakafu, nywele zimefutuka, na jukwaani Menengai Sparks wakipiga roki mpaka madirisha yakatetemeka. Khaemba ndiye aliyepiga solo. Alimpenda mno yule mpiga gitaa Mmarekani wa mkono wa kushoto, hata siku moja akajaribu kupiga gitaa kwa meno kama yeye, na jino likang'oka mbele ya watu. Nekoye alicheka jioni hiyo mpaka akaolewa.

Halafu mashine ya kupasua mbao ikamkata Khaemba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na bendi ikavunjika. Mwaka huo huo wa masikitiko akamtungia mkewe wimbo. Ndani yake mlikuwa na noti moja aliyoisikia kichwani lakini hakuweza kuifikia, kidole hakikuwepo, basi akifika hapo aliruka. Pengo dogo tu, kisha anaendelea. "Hapo ndipo kidole changu kimelala," angesema. "Usikiamshe." Karibu miaka hamsini aliupiga kila Jumapili. Haukurekodiwa popote. Ulibaki kwenye kichwa cha Nekoye peke yake, na hiyo ndiyo mali aliyoachiwa.

Wapiga gitaa wa wakati ule walikuwa na desturi yao: mwenzao akifa, nyuzi za gitaa lake zinalegezwa kabla jeneza halijatoka nyumbani. Gathogo, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi, alikuja kuzilegeza kabla ya safari ya kwenda kuzika Kimilili. Nekoye akasimama mlangoni.

"Nyuzi hizo alizikaza mwenyewe asubuhi ya kwenda hospitali. Ukizilegeza, atakuwa ameenda kweli."

"Shemeji," Gathogo alinong'ona, "uzi uliokazwa unaita mkono. Na si lazima uje mkono wa mwenyewe."

"Basi uje!"

Ulimi hauna mfupa, jamani.

Jumapili iliyofuata ile ya joto la amplifaya, saa tisa, gitaa lilijipiga likiwa limetundikwa ukutani. Ulikuwa wimbo wake. Nekoye alianguka kwenye kiti akalia kwa furaha, "Umekuja, baba, umekuja," mpaka wimbo ukafika penye pengo, na haukuruka. Noti ililia, safi, tamu, baridi. Hapo akajua kwamba huyu si Khaemba. Alijua, na hakumwambia mtu. Alisogeza kiti karibu na ukuta, akaenda kuleta chai, vikombe viwili. Heri mgeni anayemwiga kuliko nyumba kimya, ndivyo alivyojiambia, na mimi simcheki, kwa maana aliyefiwa hachagui faraja.

Tatizo lilikuwa Fancy, mjukuu wake, anayesoma Njoro na kurudi kwa nyanya yake wikendi. Fancy hajui hata kupiga mluzi. Lakini Jumapili ya tatu Nekoye alipotoka jikoni na vikombe vyake alimkuta msichana amesimama miguu mitupu katikati ya sebule, gitaa kifuani, macho wazi lakini hayaoni, vidole vikikimbia juu ya nyuzi haraka kuliko mkono wa mtu unavyoweza, ncha zimechanika na damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekuwa cheupe kama unga, kimekakamaa, kinaparudia pale penye pengo tena na tena na tena.

"Fancy! Weka chini!"

"Shosh, siwezi." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Kuna mtu ameshika vidole zangu. Anasema hii moja ni yake, halafu anataka zingine."

Gathogo alipigiwa simu, akaja na boda boda akihema. Alichungulia, akarudi nyuma.

"Mkono uliozuia ndio ulegeze, shemeji. Mimi siwezi."

"Nikilegeza, sitamsikia tena."

"Na usipolegeza?"

Nekoye akamtazama mjukuu wake. Akashika kichwa cha gitaa, kikawa na baridi ya kuuma, akazungusha sikio la kwanza la kukazia uzi. Uzi ukalia ukishuka. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, machozi yakimdondoka juu ya mikono ya Fancy, na alipogusa wa sita, amplifaya isiyo na stima ikakohoa kikohozi cha Khaemba, kile cha asubuhi, na sauti yake ikatoka humo polepole: "Neki. Na mimi uniache?"

Hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita Neki.

"Nisamehe," akasema, akazungusha.

Gitaa likaanguka. Fancy akaanguka juu yake, analia, mzima, kidole kikirudiwa na rangi. Amplifaya ikapoa. Gathogo alikunywa chai ya kile kikombe cha pili.

Jumapili iliyofuata, saa tisa, nyumba ilikuwa kimya. Nekoye alikuwa anaosha sufuria. Uchungu ulimzidi, akaamua ajiimbie mwenyewe ule wimbo kwa mdomo uliofumbwa, apate kipande kidogo tu cha mtu wake.

Fancy akatokea mlangoni, bendeji vidoleni.

"Shosh, si hapo Babu alikuwa anaruka?"

Nekoye akakatiza wimbo. Akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, na akapita pale pale bila kuruka. Alijaribu kukumbuka Khaemba alivyokuwa akiupiga, lile pengo, na halikuja. Akaanza mara ya tatu, na alipokaribia akajiziba mdomo kwa mikono miwili yenye povu la sabuni. Noti ikapita katikati ya vidole vyake, safi, tamu, baridi.