Maji ya Pipa la Chokaa

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara mbili jikoni kwa Ildefonsa, kabla ya alfajiri. Uji ulikuwa umeiva. Mlinzi Bulugu alikunywa kikombe kimoja polepole, akashukuru, akarudi lindoni.

Muda mfupi baadaye kijiji chote kilisikia yowe lake.

Renatus alikuwa chini ya jukwaa la mafundi, mbele ya nyumba ya mawe iliyojengwa na wamisionari wa kwanza wa Mugoma. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Alikuwa mtaalamu wa chokaa kutoka Chama cha Wahifadhi wa Majengo ya Kale, na alikuwa amekaa kijijini wiki tatu tu.

Mkaguzi wa Polisi Yuster Nshoma alipofika kutoka Ngara mjini, alimkuta Bulugu amefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Shati lake lilikuwa na damu.

"Mmemkuta akifanya nini?"

"Amekumbatia maiti," alijibu Juvenali, mwenyekiti wa kitongoji. "Hawa waliotujia na ng'ombe kutoka Shinyanga tunawajua. Tupe ruhusa tu, afande."

"Ruhusa ya nini?"

Mwanamume mmoja aliificha fimbo nyuma ya mguu wake.

"Mfungueni."

"Na wataalamu nao waondoke," sauti ilisema kutoka nyuma. "Wanajifanya wanaijua nyumba yetu kuliko sisi."

Yuster alimpa Bulugu chupa yake ya maji, akangoja amalize kunywa.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapahapa lindoni."

"Hukutoka hata kidogo?"

"Sikutoka. Nilimwona yuko chini, nikataka kumwinua."

Ndevuni mwake palikuwa na uji uliokauka. Yuster aliuona.

Alipanda jukwaani pamoja na Priscila, katibu wa Chama. Macho ya Priscila yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa kavu. Ukuta ulikuwa umefunikwa magunia. Kwenye kona moja plasta ilikuwa imechongwa kwa patasi.

"Magunia haya ni ya nini?"

"Chokaa mbichi haitaki haraka. Tunailowanisha kila siku kwa siku ishirini na nane. Ikikauka ghafla, inapasuka. Leo ni siku ya saba. Huu ni ukuta wa majaribio. Ukishindwa, tunaondoka, na nyumba inabomolewa."

"Yamelowanishwa leo?"

Priscila aliyagusa magunia, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe.

"Yamelowanishwa, ila kwa maji ya pipa. Mle tumeloweka chokaa. Maji yake yanaunguza."

"Bulugu anajua?"

"Tulimfundisha siku ya kwanza. Achote maji ya tangi, pipa asiliguse."

"Kwa hiyo aliyemwaga maji haya hakufundishwa."

"Hakufundishwa. Na sasa hivi viganja vyake vinamuuma."

Yuster alishuka. Nyumba ya karibu zaidi ilikuwa nyuma ya migomba, na moshi ulikuwa bado unatoka jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Bulugu alikunywa uji hapa leo?"

"Amekuambia?"

"Hajasema. Anaogopa kufukuzwa kazi kwa kuacha lindo."

Ildefonsa alitazama nje. Kelele za watu zilikuwa zinapanda. Mtu alikuwa anaimba kwamba mgeni arudi kwao. Katika chumba cha pili mumewe, Audax, alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Mama huyo mzee alikunja kanga yake, akaikunjua.

"Alikuwa hapa," alisema polepole. "Nilipokuwa ninampa uji, ni yeye peke yake aliyekuwa hapa."

Yuster aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea zawadi nzito, kisha akaingia ndani.

"Mzee, naomba nione mikono yako."

"Ni saruji. Sisi mafundi ndivyo tulivyo."

"Umeshika saruji lini mara ya mwisho?"

"Zamani."

"Fungua, mzee."

Viganja vilikuwa vimepakwa samli na kufungwa kitambaa. Vilikuwa vyekundu, vimejaa malengelenge. Yuster alimpa onyo la kisheria kwamba halazimiki kusema lolote. Audax alisema.

"Ukuta ule niliupiga saruji mwaka themanini na nne. Padri alinishika mkono mbele ya waumini. Jumapili hawa wataalamu wakasoma ripoti yao mkutanoni, kwamba saruji ndiyo inayoozesha mawe. Wajukuu wangu walikuwa wamekaa mbele. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo naitwa Mwozeshaji."

"Ukaenda na patasi."

"Nikaiharibu chokaa yao, ionekane haifai. Renatus akapanda kunizuia. Akanishika mkono. Nikamsukuma, akaanguka."

"Alisema chochote?"

Audax alitazama viganja vyake.

"Alisema, 'Mzee, magunia yasikauke.' Hakunitukana. Kisha akanyamaza."

"Ukayalowanisha."

"Mimi ni fundi. Nikachota maji yaliyokuwa karibu."

Alipotolewa nje na pingu, umati ulitawanyika mmojammoja. Hakuna aliyemwomba Bulugu radhi. Juvenali aliomba kamba yake, akaondoka nayo.

"Ripoti yetu ni ya kweli," Priscila alimwambia Yuster. "Lakini tulipima mawe yote, na hatukufika kwa mtu aliyeyashika. Tulimwita mkutanoni kama mtu yeyote."

"Hilo nalo liandike."

Siku tatu baadaye Ildefonsa alifika kituoni Ngara na uji ndani ya chupa ya chai. Yuster aliagiza mahabusu aletwe, akawasogezea benchi, akasimama mbali kidogo.

Audax aliipokea chupa kwa vidole, viganja vikiwa na bandeji.

"Nani analowanisha?"

"Bulugu. Kila asubuhi."

"Kwa maji ya tangi?"

"Ya tangi."

"Na ile kona?"

"Wameiziba. Zimebaki siku kumi na nane."

"Uji anakunywa wapi?"

"Kwangu."

Audax aliitikia kwa kichwa. Alikunywa kidogo, akafunga kifuniko, akairudisha chupa mikononi mwa mkewe.

"Siku ya kufunua magunia usikose kuwapo," alisema. "Ushike ukuta kwa mkono wako. Kisha uje tena, mama, uniambie."