Aliyekubali Kuitunza

Kilichomtia fundi shaka kwanza ni harufu. Kila alipoifungua tovuti ya hospitali ili aitengeneze, ofisi ilinuka udongo uliotoka kunyeshewa, na huku nje jua lilikuwa kali, mabati yanalia.

Alikabidhiwa tovuti hiyo baada ya aliyeijenga kuondoka bila kuaga. Wagonjwa walisoma humo majibu ya vipimo vyao, kwa hiyo haikutakiwa kuzimika. Meneja alimuuliza swali moja tu: "Utaitunza?" Naye, asiye na kazi nyingine na mwenye mama asiyeweza kutembea, akajibu, "Nitaitunza."

Ndani alikuta lugha ya kompyuta asiyoijua. Mafundi wenzake aliowapigia simu nao walikuna vichwa. Akisahihisha mstari, kesho yake anaukuta umerudi ulivyokuwa. Mchana mmoja uvumilivu ukamwishia, akaifuta mistari kadhaa. Spika za kompyuta zikatoa kwikwi, kama za mtu aliyelia hadi machozi yakamkauka.

Fundi alifunga ofisi, akakimbilia nyumbani.

Mama alikuwa kitandani, kakodolea macho dari. Mama huyu hata kupokea simu alisaidiwa. Sasa alikuwa akiitamka, mmoja baada ya mwingine, mistari ile ile iliyofutwa.

"Mama, nani kakufundisha hayo?" fundi alinong'ona.

"Mbona umenikata?" ilijibu sauti isiyo ya mama. "Ulisema utanitunza."

Fundi alitoka mbio bila viatu, akagonga kwa mganga, bibi mmoja wa mtaa wa pili, akamvuta mkono njiani huku akimweleza kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na walipoingia chumbani wakakuta mama angali anatamka, miguu imekuwa baridi kama sakafu, na baridi hiyo inapanda magotini, inapanda mapajani, huku kwikwi zile zikitoka kifuani mwake.

"Ni jini," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeijenga tovuti alimfungia humo ili kazi yake isikwame. Wewe kakushika kwa neno lako. Lirudishe."

"Nikilirudisha tovuti itakufa. Na majibu ya wagonjwa je?"

"Mwanangu, mama yako anaondoka."

Fundi akafumba macho. "Sikutunzi tena," alisema. "Nenda."

Kwikwi zikakatika. Mama akapata joto, akaomba maji.

Tovuti ilizimika saa ile ile, na majibu yote yakapotea. Fundi akafukuzwa kazi. Alijifariji kwamba mama yu hai. Ila mama hakuwa na furaha.

"Alikuwa analia, mwanangu," alisema siku moja. "Wewe ukitoka, mimi hubaki na kuta hizi. Yeye alikaa nami."

"Mama, nakuomba, usimtaje."

"Ulimfukuza bila kuniuliza."

Kesho yake fundi alitoka kutafuta kibarua. Aliporudi alikuta mlango wa chumba cha mama umekomelewa kwa ndani, na komeo lenyewe liko juu, mtu halifikii mpaka asimame.

"Mama? Nani kafunga?"

Akatega sikio. Mama alikuwa akibembeleza, "Usilie. Mimi nitakutunza."

Fundi akaupiga mlango kwa ngumi, akausukuma kwa bega, akaita mpaka sauti ikamkauka.

Kule ndani mama akasema kwa upole, lakini si kwa mwanawe, "Nyamaza tu. Atachoka, ataondoka."