Tisa Ilikubali, Kumi na Moja Ikakataa

Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2006, saa kumi alasiri, mwanamke mgeni alibisha mlangoni kwa Mwalimu Nabwile mjini Bungoma, bahasha ameikumbatia kifuani.

"Mimi Nafisa, mke wa Hamid, muuza mbegu wa Kitale. Polisi wamemshika mume wangu kwa ajili ya namba, na nimeambiwa wewe ni mwalimu wa hesabu."

Nabwile alisogeza kadi za harusi ya mdogo wake Makokha zilizojaa mezani, akamkaribisha kiti.

Wakulima wa Saboti walipanda mbegu za Hamid. Mvua ikanyesha, mashamba yakabaki matupu. Magunia yalikuwa na mahindi ya kula yaliyopakwa rangi yafanane na mbegu. Polisi walichunguza lebo. Namba za kampuni ya mbegu zina tarakimu tisa na lazima zigawanyike kwa tisa, hii iligawanyika. Basi, wakasema, gunia ni halali, na Hamid ndiye aliyelifungua akabadilisha mbegu. Kesho saa tatu angefikishwa kortini.

"Nani alileta magunia?"

"Zachary, dereva. Mimi namshuku yeye. Ati alipakia hapa Bungoma, kwa kijana mwenye kofia. Siku zote mzigo hutoka Kitale."

"Mwizi angesema alipakia Kitale, kama siku zote."

Nafisa alitoa lebo tano za misimu iliyopita, na moja ya gunia bovu. Nabwile aliona mbili zinafanana. Ya zamani: 648713538. Mbovu: 684713538. Alijumlisha tarakimu, zote mbili, arobaini na tano. Tisa ilikubali. Kisha akazigawanya zile tano za zamani kwa kumi na moja. Hakikubaki kitu. Akaigawanya ile mbovu, ikabaki tatu. Akarudia. Tatu.

"Kampuni ina mtego wa pili ambao haikuutangaza," alisema. "Mtu amechukua namba halali, akabadilisha nafasi za nne na nane. Jumla haibadiliki, kwa hiyo tisa haioni. Kumi na moja huangalia mpangilio. Gunia hili halikutoka kwa kampuni."

Nafisa alifuta macho. "Utakuja kuwaambia? Mimi hawanisikii."

"Kesho saa mbili nitakuwa kituoni. Nitasema yote nitakayoyajua."

Baada ya mgeni kuondoka na lebo za zamani, Nabwile aliiangalia tena ile mbovu aliyoachiwa. Saba yake ilikuwa imekatika mguu. Macho yakamwendea mezani. Kwenye kila kadi ya harusi, saba ya namba ya simu ilikuwa imekatika mguu vilevile.

Saa kumi na mbili jioni alimkuta Makokha kwenye kiwanda cha uchapaji alikoajiriwa.

"Sasa, dada. Umekuja kukagua suti?"

Nabwile aliweka lebo kando ya kadi. "Saba yenu ni kilema."

Makokha alicheka, kisha akaacha.

"Kwa nini hukubuni namba mpya?"

"Si wewe ulinifundisha, nikiwa darasa la nne? Changanya tarakimu utakavyo, tisa haiondoki. Nikanakili lebo iliyotundikwa dukani kwa Hamid."

"Na Zachary?"

"Hakujua kitu. Miaka minane nachapia watu, dada. Nilitaka mashine yangu mwenyewe. Nilidhani wakulima watapanda tena."

"Mvua wataitoa wapi?"

"Jumamosi naoa. Ngoja Jumatatu tu."

"Hamid anasimama kortini kesho. Twende wote, useme mwenyewe."

"Mama hatakusamehe."

"Najua."

Makokha akarudi kwenye mashine.

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika tano, Nabwile alifika kituoni Kitale peke yake. Nafisa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Afisa alifungua daftari, akauliza jina la mshukiwa. Nabwile aliweka lebo mezani, akaweka kadi ya harusi juu yake, akalitaja jina la mdogo wake polepole, ili liandikwe sawasawa.