Pasipoti Nne na Bibi wa Baba

Pasipoti nne zilitoweka baina ya sala ya alfajiri na saa mbili asubuhi, katika fleti ya ghorofa ya pili, Kilburn, London. Ndege ya kwenda Malaysia ingeruka saa kumi na mbili jioni. Masanduku yalikuwa tayari mlangoni, yamefungwa kamba nyekundu yasije yakachanganywa na ya watu.

Inspekta Avtar alifika saa nne. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, na kituoni hapakuwa na mpelelezi mwingine aliyejua Kiswahili.

Mwenye nyumba, Mansour, alimwonyesha eneo la tukio: droo tupu ya kabati la sebuleni. Haikuvunjwa. Watu wote walisimama kumwamkia mgeni, isipokuwa Bi Zahra, mama yake Mansour, aliyeketi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Nisamehe, mwanangu. Magoti," alisema. "Na katika nyumba hii maswali yataulizwa kwa Kiswahili, ili nami nisikie."

Avtar alivaa glavu, akauinamia mpini wa droo. Alama za vidole zilikuwa zimevurugika, lakini palikuwa na harufu. Karafuu. Akaandika.

Ukutani ilibandikwa ratiba ya ziara: miji sita kwa siku nane. Mansour alipanga ratiba za mabasi kazini, na familia yake aliipanga vivyo hivyo. Kuamka, saa kumi na nusu alfajiri. Choo, dakika saba.

"Nani hakuitaka safari hii?" aliuliza Avtar.

Mansour alifikiri. "Sijawauliza."

Kisha akaingia chumbani kulipigia simu shirika la ndege. Inspekta akamwita Nusra, binti wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa London, ambaye Kiswahili alikielewa kuliko alivyokisema.

"Nani wa mwisho kuifungua droo?"

"Bibi."

Avtar alimtupia jicho Mardhiya, mke wa Mansour, aliyekuwa jikoni akimimina chai. Akapunguza sauti.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alifungua, akafunga, akaenda kukaa."

"Bibi wa baba yako?"

Nusra alishangaa. "Bibi wa baba amekufa."

Kalamu ilisimama. "Lini?"

"Zamani. Mimi sikumwona."

"Amezikwa wapi?"

"Pemba. Baba alikwenda kuzika."

"Na yule anayemimina chai?"

"Mama."

"Mama wa kambo?"

"Mama tu."

Karibu na dirisha, Bi Zahra alivuta tasbihi yake.

Avtar alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake: Mauaji. Pasipoti sasa zilikuwa jambo dogo. Mansour alipotoka chumbani alikalishwa.

"Bwana Mansour, bibi yako alikufaje?"

"Bibi yangu? Uzee, Mungu amrehemu. Alikuwa na miaka tisini na sita."

Avtar alimtazama mwanamume huyo, ambaye hakuzidi hamsini. "Ulimwoa akiwa na miaka mingapi?"

Kikombe kilianguka jikoni. Mardhiya akatokeza na birika mkononi.

"Amwoe bibi yake? Inspekta, bibi kwenu ni nani?"

"Ni mke."

"Kwetu ni mama wa baba, au mama wa mama."

"Huyo sisi humwita nyanya."

"Nyanya kwetu hukatwa kwenye kachumbari," alisema Bi Zahra.

Avtar aliyasoma upya maelezo ya shahidi: alifungua, akafunga, akaenda kukaa. Alikikaribia kiti cha dirishani. Karafuu ilimpokea hatua mbili kabla hajafika.

"Bi Zahra, magoti unayachua kwa dawa gani?"

"Mafuta ya karafuu."

"Simama, tafadhali."

"Magoti, mwanangu."

"Magoti, au pasipoti?"

Ajuza aliiweka tasbihi mapajani. "Nimezichukua mimi. Niliondoka Unguja nina miaka kumi na mitatu. Tunda la doriani la uani kwetu lilikuwa bado changa; baba akasema tutalila tukirudi. Hatukurudi. Miaka sitini ninakula la barafu, lililogandishwa, la duka la hapo chini. Hata halinuki. Sasa mwanangu ananipeleka nchi ya madoriani, naye ameandika nini? Soma mstari wa mwisho."

Avtar akasoma kwa sauti: "Doriani: marufuku. Hoteli hazitaki harufu."

"Mama, ungeniambia," alisema Mansour.

"Nilikwambia mara tatu. Ukasema ratiba imejaa. Nami nikaona basi, ipunguzwe yote."

"Na ndege ikituacha?"

"Nitakula la barafu, nimeshazoea. Mtakaoumia ni ninyi."

Mansour aliiendea ratiba yake ukutani. Akatoa kalamu. Siku ya nne, Penang, alikata daraja, makumbusho na bustani ya vipepeo. Vipepeo aliwakata mwisho. Akaandika: Doriani, mpaka mama aseme basi.

"Ongeza," alisema Bi Zahra. "Barabarani, si hotelini. Kiti cha kukunja nitakuja nacho."

Mansour akaongeza. Ndipo Bi Zahra akainuka, wima, bila kushikwa mkono na mtu. Chini ya mto wa kiti zilikuwamo pasipoti nne, zingali na joto.

Inspekta alikunywa chai yake, akaaga. Alipofika ngazini alilifungua daftari, akalifuta neno Mauaji, akaandika mahali pake: "Bibi amekiri. Bibi wa baba hahusiki."